Zamu Nne za Evelina

Tanga, 12 Februari 2024

Mjomba Kornelio,

Shikamoo. Natumaini Jafari atakufikishia barua hii kwa gari lake kabla mvua hazijaanza kuichezea barabara ya Mlalo. Njegere ulizotuma zilifika mifuko yote miwili, na Janeth, huyu ninayepanga naye chumba, amezila mpaka anasema anataka kuolewa huko milimani. Anakusalimu. Mwambie Mama Edgar kitambaa cha kijani kimekwisha dukani, nimemchukulia cha bluu.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Mgongo niliokulalamikia Krismasi haukuwa uchovu. Alhamisi nilikuwa napanga makatoni ya sabuni ghalani, nikainamia katoni moja ya kawaida kabisa, na sikuweza kunyanyuka. Wenzangu walinitoa nje wamenishika kwapa kama mlevi. Daktari anasema diski moja ya kiunoni imechomoza na inakandamiza mshipa unaoshukia mguu wa kushoto, ndiyo maana vidole vyangu vimekufa ganzi. Amenipa ED ya kuanzia leo, wiki mbili, na ameniambia wazi kwamba ataiongeza. ED, kabla hujamwuliza mwalimu mkuu ukanitangaza, ni karatasi ya daktari inayomwambia mwajiri kuwa mtu huyu asifanye kazi.

Afisa utumishi wetu amenieleza taratibu. Sheria inanipa siku mia na ishirini na sita za ugonjwa. Nusu ya kwanza nalipwa mshahara wote, nusu ya pili nalipwa nusu mshahara. Nimehesabu kwenye kalenda, zinaishia tarehe 16 Juni. Baada ya hapo, kama sijaweza kurudi, kiwanda kinaruhusiwa kuanza kufikiria kuniachisha. Masharti ni kwamba kila karatasi ya daktari ifike ofisini kwa wakati, nitaje mahali ninapopumzikia, na nisionekane nafanya kazi nyingine yoyote, iwe ya kulipwa au ya bure.

Shida ni chumba. Tuko ghorofa ya pili na maji yako chini. Daktari hataki nibebe kitu kinachozidi kilo mbili, na ndoo yetu ndogo kabisa ni ya lita kumi. Naomba nije nilale kwako. Mahali pa kupumzikia nimeshaandika jina la kijiji chetu, kwa hiyo ukikataa utakuwa umenifanya mwongo.

Mimi mpwa wako,
Evelina


Kijijini, 19 Februari 2024

Mwanangu Evelina,

Marahaba. Barua imefika kwa mkono wa Jafari, imenukia samaki, lakini imesomeka. Huku ni wazima. Mama Edgar wangu anaulizia bluu gani, maana bluu ziko nyingi. Ananiambia mambo haya ungeweza kumpigia simu yeye akanieleza. Ni kweli ana simu na ana masikio, lakini nikimpa salamu zangu anazifupisha mpaka zinafanana na amri, na zako akiniletea zinakuwa hivyo hivyo. Tuendelee na karatasi.

Umeniuliza kama unaweza kuja kwenu. Swali hilo silijibu. Jafari ameambiwa akuweke kiti cha mbele na asipige mashimo.

Habari nyingine za hapa ni darasa jipya la shule. Kijiji kimeanza msaragambo, kila mtu mzima wa kila nyumba ana zamu yake, mawe ishirini kutoka mtoni hadi shuleni, na Selemani mtendaji anakaa juu ya kreti na daftari anaandika majina. Anayekosa bila sababu anatozwa faini na anasomwa mkutanoni. Mimi nimevuka sitini, nimesamehewa. Nakaa barazani nawahesabu wanaopita.

Hayo ya kulipwa ukiwa umelala nimeyasoma mara tatu nikidhani macho yameyafuata masikio. Miaka ishirini na saba nimesimama mbele ya mashine ya mbao. Ilinichukulia usikivu wangu na ncha ya kidole, na kidole kilikatika Ijumaa, Jumatatu nilikuwa kazini. Sikuambii haya kwa kujisifu. Nakuambia ujue kwamba ugonjwa wenye tarehe za kuanza na kumalizika, uliopigwa muhuri, kwangu ni kitu kigeni, na nikikosea usinishangae.

Kuna jambo moja nakuomba. Mama yako alirudi hapa kutoka mjini katikati ya mwaka, amekonda, anashika kuta. Watu walisema amekuja kufia nyumbani. Walisema kweli, lakini walianza kusema miezi minne kabla, na yeye alikuwa anawasikia. Sitaki yasemwe tena juu ya mtu aliyelala ndani ya nyumba yangu. Nimeshatangaza kwamba unakuja likizo, likizo ya kawaida. Utalala chumba cha nyuma, dirisha linatazama migomba, hakuna apitaye. Mlango wa mbele nitaufunga.

Mjomba wako,
Kornelio


Tanga, 25 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimefika salama, na Jafari kweli hakupiga mashimo, alikwenda taratibu mpaka abiria wakamwuliza kama amebeba mayai. Matunda damu yamefika yote isipokuwa yale aliyoyala yeye. Janeth ameniwekea ubao chini ya godoro kama ulivyofanya wewe.

Wiki zile nane sitazisahau. Maji ya moto ya Mama Edgar asubuhi na jioni, na uji wake, na wewe kuniletea habari za shamba kitandani. Kabichi za bondeni zinaendeleaje? Sijawahi kuona kabichi zinazoamkiwa Jumamosi alfajiri namna ile.

Daktari amenipiga picha nyingine. Uvimbe umepungua, ganzi imebaki kwenye vidole viwili. Ameniongezea ED hadi mwisho, na anataka nifanye mazoezi ya viungo hospitalini mara tatu kwa wiki, kwa hiyo itabidi nibaki huku. Kuna mengine aliyoyasema, nitakueleza nikiyaelewa vizuri.

Nina ombi la kiofisi. Afisa utumishi amefunga nusu ya kwanza ya siku zangu na anataka faili likamilike. Anahitaji barua ya mtendaji wa kijiji, yenye muhuri, inayosema kwamba kuanzia tarehe 26 Februari hadi 20 Aprili nilikuwa hapo kwako nikiugua. Ni mistari mitatu tu. Nakuomba umwendee Selemani wiki hii na Jafari aniletee. Yeye ni mtu wa karatasi, hatakusumbua.

Mpwa wako,
Evelina


Kijijini, 13 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba sana. Utasema nimechelewa, na nimechelewa. Mvua imeangusha ukingo wa barabara mahali pawili, Jafari alikaa chini wiki nzima bila kupandisha gari. Viazi vimeoza kidogo kwenye matuta ya chini. Ng'ombe amezaa dume, Mama Edgar hajafurahi, alitaka jike. Mchungaji wetu amehamishiwa Kwai na mpya anahubiri mfupi, kwa hiyo tunafika nyumbani chakula hakijaiva.

Darasa limefika usawa wa madirisha. Wazungumzaji wamekuwa wengi kuliko wabebaji.

Mimi mzima. Kinena kinanivuta kidogo nikikohoa, ni umri. Mama Edgar ananikandia majani ya moto na kunigombeza kwa wakati mmoja.

Umefanya vizuri kufanya mazoezi. Usiache. Nakutumia karoti na mapeasi, mapeasi uyaache siku tatu ndipo uyale. Vipi huyo Janeth, bado anataka kuolewa huku?

Mjomba wako,
Kornelio


Tanga, 20 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mapeasi nimeyaacha siku tatu. Ng'ombe dume ni ng'ombe pia, mwambie Mama Edgar asinune.

Barua yako ina kurasa mbili na haina neno hata moja juu ya barua ya mtendaji. Nilidhani imesahauliwa kwenye bahasha, nikaikung'uta. Sasa sihitaji tena kukung'uta chochote, kwa sababu afisa utumishi alichoka kusubiri, akapata namba ya Selemani na kumpigia mwenyewe. Selemani alimjibu kwa maandishi siku hiyo hiyo, na muhuri. Nimepewa nakala. Nakunakilia kama ilivyo:

"Mtajwa alikuwepo kijijini katika tarehe zilizoulizwa. Ofisi haina taarifa ya ugonjwa wake. Kwa mujibu wa daftari la msaragambo, mtajwa alishiriki kikamilifu shughuli za maendeleo, zamu nne, mawe ishirini kila zamu, na hana deni lolote kwa kijiji. Ni mwananchi wa kuigwa."

Ameambatisha picha za daftari. Jina langu limo, Jumamosi nne, na kila mahali kuna alama ya vema.

Mjomba, mimi katika wiki hizo nilikuwa naenda chooni nimeshikilia ukuta. Afisa utumishi aliniuliza kwa upole kabisa mgonjwa wa mgongo anabebaje mawe themanini. Nimepewa barua ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu, Ijumaa tarehe 7 Juni saa nne asubuhi. Shtaka ni kujifanya mgonjwa. Nikishindwa naachishwa siku hiyo, na matibabu yangu yanayolipiwa na kiwanda yanakatika hapo hapo.

Naomba unijibu swali moja. Ni nani aliandikisha jina langu?

Evelina


Kijijini, 27 Mei 2024

Mwanangu Evelina,

Barua yako nimeisoma kwenye baraza, kisha nikaingia ndani nikaisoma tena. Salamu utanisamehe, leo sina za kutosha.

Ni mimi.

Ulipomaliza wiki mbili hapa, Selemani alipita akaniandikia kwamba nyumba yangu sasa ina mtu mzima mmoja zaidi na zamu yake ni Jumamosi. Mgonjwa anasamehewa, nilijua. Ilitosha niseme kwamba unaumwa. Sikulisema. Tulikuwa tumesimama njiani, na mke wa jirani yetu Rajabu alikuwa pale na jembe lake akisubiri kusikia. Nikasema atakuja.

Jumamosi nilitangulia kabla hakujapambazuka vizuri. Nilibeba mawe ishirini nikayapanga kwenye rundo, na Selemani alipofika na kreti yake nikamwambia andika zamu ya Evelina. Akaandika. Daftari linauliza zamu ni ya nani, haliulizi nani amebeba. Ndivyo ilivyo tangu zamani, mtu anambebea mkewe, mtoto anambebea mama yake, hakuna anayeandika maelezo. Nilifanya hivyo mara nne. Kabichi za bondeni hazikuwepo, mwaka huu sikupanda kabichi.

Barua ulipoiomba nilikwenda mpaka mlangoni kwa Selemani, mara mbili. Ili aandike ulikuwa mgonjwa ingenibidi nimwambie kwamba nilimdanganya mwezi mzima, na kwamba uliugua. Nikarudi nyumbani nikakuandikia habari za ng'ombe.

Nimefikiri tufanye hivi. Waambie hao wa kiwandani kwamba kuna Evelina mwingine. Kijiji ni kikubwa.

Mjomba wako,
Kornelio


Tanga, 30 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Hakuna Evelina mwingine. Selemani ameandika jina la baba yangu na nyumba yako.

Nimekasirika, na nakuambia kwa sababu ukinitazama usoni huwa naficha. Nimekasirika kwamba ulinilaza chumba cha nyuma kama kitu kilichoibwa. Ugonjwa wangu hauna aibu. Ni diski. Daktari ameuchora kwenye karatasi, mtu yeyote anaweza kuuona. Ule wa mama haukuwa na aibu pia, lakini hilo tutazungumza siku nyingine.

Na mimi nina la kukiri. Jumamosi ya tatu nilikuona kupitia dirisha la migomba. Ulikuwa unarudi umelowa hadi magotini, umeshika kinena, ukasimama ukashikilia mgomba kwa muda. Mtu aliyetoka kwenye kabichi hashiki kinena. Nilitaka kukuuliza, nikajua kwamba nikiuliza utanijibu, na ukinijibu itanibidi niinuke kitandani. Nikageukia ukutani. Kwa hiyo tulikuwa wawili tulionyamaza.

Daktari aliniambia mwezi wa nne, nami sikukuandikia, kwamba makatoni sitayabeba tena maisha yangu yote. Kinachoweza kuniokoa ni kubaki kiwandani na kuhamishiwa kazi ya kukaa. Nikifukuzwa kwa udanganyifu, hakuna kiwanda kingine kitakachomchukua mtu mwenye mgongo huu na barua ile.

Siwezi kuja huko na siwezi kukupigia simu. Kuna mtu mmoja tu anayeweza kusema ni nani alibeba. Kikao ni Ijumaa ijayo saa nne.

Evelina


Kijijini, 5 Juni 2024

Mwanangu Evelina,

Marahaba. Jafari anaondoka kesho alfajiri, na ameapa hataiweka bahasha hii karibu na samaki. Ndani kuna barua ya Selemani, muhuri wake uko mahali pawili. Ilinde isikunjike.

Nieleze ilivyokuwa, maana Mama Edgar akikupigia atakuambia kwa maneno sita.

Nilimwendea Selemani Jumapili baada ya ibada. Alinisikiliza, akafungua daftari, akalifunga. Akaniandikia kwamba daftari likishasomwa mkutanoni ni la kijiji, hawezi kulifuta peke yake chumbani kwake, itabidi nikaseme mbele ya waliosomewa. Kwa kuwa sisikii, mambo yote aliniandikia nyuma ya fomu za mbolea, ninazo. Mkutano ulikuwa jana Jumanne.

Nikasimama. Unajua siwezi kupima sauti yangu. Mama Edgar anasema ilifika mpaka sokoni. Nilisema, mpwa wangu Evelina hakubeba jiwe hata moja. Alikuwa mgonjwa wa mgongo, amelala chumba cha nyuma, na mimi ndiye niliyefunga mlango. Mawe yote themanini ni yangu. Nilimpa mtendaji jina la uongo kwa sababu niliogopa midomo yenu. Hilo la midomo Mama Edgar anasema ningeliacha.

Kisha nikakaa na kusubiri waseme, nikitazama nyuso. Walikuwa wanatazamana. Rajabu akasimama akazungumza muda mrefu, na Selemani akaniandikia. Ninayo hapa: "Rajabu anasema sote tulikuona, mzee. Tulikaa kimya kwa heshima yako. Tulijua unambebea. Tulichosema sisi ni kwamba huyo binti ni mvivu, analala anamwacha mzee wa miaka sitini na saba abebe mawe yake. Mke wangu amelisema hilo kisimani kila siku."

Evelina, hilo lilinipiga. Nilijificha alfajiri ili wasikuite mgonjwa, kumbe walikuwa wananiona, na walikuita mvivu, mbele yangu, miezi mitatu, na mimi niko barazani nawaitikia kwa mkono. Nisingekuwa kiziwi ningeshalisikia mwezi wa tatu. Nakuomba radhi. Mama yako pia ningemwomba.

Mke wa Rajabu alikuja nyumbani jioni na mayai. Hakusema kitu, au alisema, sijui. Mayai ni yako lakini hayawezi kusafiri, tumeyala.

Nimetozwa faini ya uongo, ni halali yangu. Nenda Ijumaa, simama wima kadiri mgongo unavyokuruhusu.

Mjomba wako,
Kornelio


Tanga, 11 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Bahasha ilifika Alhamisi jioni, safi, Jafari aliivaa kifuani ndani ya shati.

Kikao kilikuwa na watu watano. Afisa utumishi alisoma barua ya Selemani kwa sauti, yote, pamoja na pale anaposema "mzee Kornelio amekiri mbele ya wananchi mia na kumi na wawili". Mwenyekiti akauliza huyo mzee ana umri gani. Nikasema sitini na saba. Akavua miwani akaifuta. Akauliza tena kama mawe ya mto wetu ni makubwa. Nikasema ya wastani.

Wamefuta shtaka. Siku zangu za ugonjwa zinabaki kama zilivyokuwa, na Jumatatu tarehe 17 ninarudi kazini, lakini si ghalani. Nitakaa kwenye kiti chenye mgongo na kukagua vipande vya sabuni kama nembo imekaa sawa. Daktari na afisa utumishi wamesaini kwamba sitanyanyua kitu. Nimefurahi mpaka nimelia mbele yao, jambo ambalo sikulipanga.

Yako nimeyasoma, na radhi nimeipokea. Hilo la kuitwa mvivu limenichekesha zaidi kuliko lilivyoniuma.

Sasa tuje kwako. Nimempigia Mama Edgar. Hakutumia maneno sita, alizungumza mpaka salio lilipokwisha. Anasema hicho unachokiita kuvuta kidogo ni uvimbe wa ukubwa wa yai, kwamba ulianza kuonekana wakati wa mawe, kwamba daktari wa Lushoto alikuambia mwezi uliopita ni henia na inapasuliwa, na wewe ukamjibu kwamba huna nafasi hadi uvune viazi. Anasema ulimwuliza ukilala wiki sita atakayekupa ruhusa ni nani, maana huna mwajiri.

Nimelifikiria swali hilo, na jibu lake nimeliambatisha. Nimemwomba Janeth alichape ofisini kwao, ndiyo maana lina mistari iliyonyooka. Lina nakala mbili.

Mpwa wako,
Evelina

RUHUSA YA MAPUMZIKO YA UGONJWA
Jina: Kornelio Zabron, umri miaka 67.
Kazi: Mkulima. Aliwahi kubeba zamu nne zisizo zake.
Ugonjwa: Henia ya kinena.
Muda: Wiki sita kuanzia siku ya upasuaji. Upasuaji ufanyike kabla ya mwezi huu kwisha, viazi viwepo visiwepo.
Masharti: Asibebe kitu kinachozidi kilo mbili. Ndoo imo. Jembe limo. Asionekane akifanya kazi yoyote, hata alfajiri.
Malipo: Kamili.
Aliyetoa ruhusa: Evelina, mpwa wake.
Nakala: Mtendaji wa Kijiji, kwa kumbukumbu za daftari.


Kijijini, 8 Julai 2024

Mwanangu Evelina,

Marahaba. Naandika nimelala, ndiyo maana mistari inashuka kuelekea Mnazi, kule chini tambarare.

Nilipasuliwa Lushoto tarehe 26. Walinikata, wakanishona, wakanirudisha siku ya tatu. Jafari alinipa kiti cha mbele na hakupiga mashimo. Baridi ya mwezi huu imeingia na ukungu hauondoki hadi saa nne, lakini Mama Edgar ananiletea mkaa chumbani. Bluu uliyomchagulia ameipenda, amesema niandike hivyo na nisiongeze kitu.

Karatasi yako niliisoma nikamwambia Mama Edgar mtoto huyu ananichezea. Nikaiweka chini ya mto. Yeye akachukua ile nakala ya pili na kumpelekea Selemani bila kuniuliza. Kesho yake Selemani alikuja nayo. Ameigonga muhuri, Evelina. Muhuri wa kijiji, na tarehe, na saini yake juu ya yako. Akafungua daftari akanionyesha alichoandika. Jina langu, kisha "mgonjwa". Mstari wa juu ni jina lako, zile alama nne za vema zimekatwa kwa wino mwekundu, na mbele yake neno hilo hilo.

Viazi vyangu vilivunwa Jumamosi. Sikuwaita. Rajabu alikuja na watu tisa, nilimwona akipita na gunia. Alininyooshea kidole akinitaka nisiinuke. Aliisoma wapi karatasi hiyo sijui, labda Selemani aliisoma mkutanoni.

Hii ni siku ya kumi na mbili nimelala. Ni kazi ngumu kuliko mbao. Watu wanapita barazani, wanasimama, wanauliza hali kwa mikono, nami nawaonyesha kidonda kinakauka. Kitanda nimewaambia wakihamishie chumba cha mbele. Mlango uko wazi tangu asubuhi.

Mjomba wako,
Kornelio